Aspirini kila siku kwa mtu mzima asiyeumwa: tupige hesabu kabla ya kumeza

Kahawa Chungu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kijiweni kwetu siku hizi ukishagonga miaka arobaini na tano unakabidhiwa vitu viwili: nasaha za kupunguza nyama nyekundu, na aspirini ya miligramu 75. Mtu hajawahi kulazwa, moyo wake haujawahi kumsumbua, lakini kila asubuhi anameza "ili damu iwe nyepesi". Ukimuuliza nani kamwandikia, ni shemeji, au sauti iliyosambazwa WhatsApp ya mtu anayejiita profesa.

Mimi si daktari, nafundisha hesabu sekondari. Nimesoma tafiti zenyewe kwa sababu suala hili ni la hesabu kuliko watu wanavyodhani, na nataka tulijadili humu na wenye fani yao.

Kwanza niweke uzio. Kama umeshapata shambulio la moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, au umewekewa stenti (kijimrija cha kuuacha wazi mshipa wa moyo), mada hii haikuhusu. Wewe endelea na dawa kama ulivyoandikiwa, na mtu asije akasoma hapa akaacha. Ninaowazungumzia ni wazima wanaomeza kwa kinga tu.

Aspirini haigusi uzito wa damu. Kwenye damu kuna chembe sahani, vile vipande vidogo vinavyokimbilia jeraha na kushikamana ili damu ikatike. Aspirini inafunga kimeng'enya ndani ya chembe hizo, na kwa kuwa hazina kiini, haziwezi kutengeneza kingine. Chembe iliyokutana na dawa inabaki hivyo mpaka inakufa, siku saba hadi kumi. Ndiyo maana kidonge kidogo tu kinatosha. John Vane wa Uingereza ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 namna aspirini inavyozuia kutengenezwa kwa kemikali za mwili zinazotokana na kimeng'enya hicho, akapewa Nobeli mwaka 1982.

Sasa shida iko hapo hapo. Kimeng'enya kile kile ndicho kinachosaidia utando wa tumbo kujilinda na asidi. Na chembe zile zile zinazoweza kuziba mshipa wa moyo ndizo zinazozuia damu ukivuja kwenye ubongo. Hakuna namna ya kuchukua faida ukaacha hasara.

Njooni kwenye namba. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha majumuisho ya majaribio sita ya watu wazima wasio na historia ya ugonjwa wa moyo, jumla kama 95,000. Nimeyageuza kuwa watu 10,000 kwa mwaka mmoja. Wasiomeza: 57 wanapata shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha mishipa. Wanaomeza: 51. Umeokoa sita. Upande wa pili, kuvuja damu kwingi, hasa tumboni: wasiomeza 7, wanaomeza 10. Umeongeza watatu. Waliobaki, yaani karibu wote, wamemeza mwaka mzima bila kupata wala kupoteza.

Majumuisho hayo hayo yaliangalia pia watu ambao tayari wameshaumwa moyo au kiharusi. Kwao ni 820 bila dawa, 670 wakiwa na dawa. Watu 150 kwa kila 10,000! Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni hatari mtu aliyoanza nayo. Ndiyo maana "fulani alipewa hospitali ikamsaidia" si sababu ya wewe kumeza.

Naomba kuwasilisha.

---

Mbishi Mtulivu

Mwalimu, heshima yako. Ila baba yangu mdogo anameza tangu enzi za Mkapa, sasa ana miaka themanini na ushee, juzi kapanda ngazi ghorofa ya tatu mimi nahema nyuma yake. Sita kutoa watatu bado ni faida ya watatu. Kwa nini nisimeze?

Halafu hawa watafiti nao tumewachoka. Mayai mabaya, mayai mazuri. Aspirini nzuri, aspirini mbaya. Wakijipanga watuite.

---

Kahawa Chungu (mleta mada)

Mbishi, Mungu amzidishie mzee. Lakini waliokunywa tangu enzi za Mkapa wakavuja damu wakafa hawapandi ngazi mbele yako, huwezi kuwaona. Unahesabu waliobaki tu.

Kuhusu kugeukageuka, kuna sababu ya haki kabisa. Mtu wa kwanza kulivalia njuga jambo hili alikuwa daktari wa California, Lawrence Craven, miaka ya hamsini. Aliona wagonjwa waliokatwa tezi za koo na kutafuna ubani wenye aspirini wanavuja damu kupita kawaida, akawaza: kama inazuia damu kuganda kooni, si itazuia na moyoni? Akaanza kuwapa wanaume aliokuwa akiwatibu. Hakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hakuthibitisha kitu. (Yeye mwenyewe alikufa kwa moyo mwaka 1957.)

Uthibitisho wa kwanza mkubwa ulitoka kwa madaktari wa kiume wa Marekani, 22,071, nusu walipewa aspirini ya miligramu 325 siku moja ndiyo siku moja hapana, nusu kidonge cha bandia. Jaribio lilikatishwa kabla ya muda na matokeo ya kwanza yakatoka 1988: mashambulio ya moyo yamepungua kwa asilimia 44. Dunia nzima ikaanza kumeza. Lakini tazama namba zenyewe: 139 dhidi ya 239, kwenye makundi ya watu elfu kumi na moja na kitu kila moja, kwa miaka mitano hivi. Yaani kama watu tisa kwa kila elfu. Na vifo vya moyo na mishipa? 81 dhidi ya 83. Hakuna tofauti. Asilimia 44 ndiyo iliyoandikwa magazetini, 81 na 83 wachache walizisoma.

Toka wakati huo mambo yamebadilika. Wavuta sigara wamepungua kwenye nchi hizo, dawa za presha zimekuwa bora, dawa za kushusha kolesteroli zimeenea. Hatari ya msingi ikishuka, faida ya aspirini inashuka nayo. Hatari ya kuvuja haishuki.

Ndipo mwaka 2018 yakatoka majaribio matatu kwa mpigo. ASPREE, wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani, wengi wao miaka 70 kwenda juu: aspirini haikuongeza maisha yasiyo na ulemavu, kuvuja damu kwingi kukatoka asilimia 2.8 kwenda 3.8. Waliokufa walikuwa asilimia 5.9 kwa wanaomeza na 5.2 kwa wasiomeza. ARRIVE, watu 12,546 wa hatari ya wastani: moyo na kiharusi hakuna tofauti ya maana, kuvuja tumboni mara mbili. ASCEND, wenye kisukari 15,480 wa Uingereza, kwa zaidi ya miaka saba: hapa aspirini ilifanya kazi, matukio yalishuka kutoka asilimia 9.6 hadi 8.5. Lakini kuvuja kukapanda kutoka 3.2 hadi 4.1. Kwa kila elfu moja, kumi na mmoja wamepona hiki, tisa wamepata kile.

---

Famasi ya Kona

Mwalimu umeyapanga vizuri. Mimi niko upande wa kaunta, niongeze ambayo hizo tafiti hazikuyabeba.

Waliokuwa kwenye majaribio walichujwa. Mwenye vidonda vya tumbo hakuingizwa. Aliyekuwa na historia ya kuvuja damu hakuingizwa. Huku dukani hachujwi mtu. Juzi kaja baba mmoja, mtu mzima wa heshima, anataka aspirini ya 75, diklofenaki ya goti, na dawa ya kiungulia. Vitu vitatu kwenye mfuko mmoja. Nikamwambia mzee wangu, hicho kiungulia unakinunua mwenyewe hapa hapa. Akacheka. Nilipomuuliza choo chake kikoje akaacha kucheka.

Aspirini na diklofenaki, au aspirini na ibuprofeni, kila moja inaumiza tumbo, zikikutana inakuwa balaa. Tena ibuprofeni ikitangulia inakalia kiti cha aspirini kwenye zile chembe, kwa hiyo unapata madhara ya zote mbili na kinga hupati. Weka na vidonge vya steroidi ambavyo watu wanameza kiholela kwa ajili ya mzio na kunenepa. Weka na pombe. Halafu kumbuka vile vijidudu vya tumbo, *Helicobacter pylori*: huku kwetu watu wengi sana wanavyo bila kujua, na vikikutana na aspirini kidonda kinavuja kirahisi zaidi.

Kuna wanaoniambia, "Mimi natumia ile yenye ganda, haiyeyuki tumboni." Ganda linapunguza kiungulia. Kidonda halikizuii, kwa sababu dawa ikishaingia kwenye damu inarudi kwenye utando wa tumbo kupitia damu hiyo hiyo. Kutosikia kiungulia si dalili kwamba uko salama. Watu wanavuja bila hata kuumwa tumbo.

Choo cheusi, kinachonata kama lami, chenye harufu kali: usisubiri kesho. Kama unameza vidonge vya madini ya chuma, hivyo navyo vinafanya choo cheusi, lakini mwache mhudumu wa afya ndiye aseme ni vidonge au ni damu. Kizunguzungu ukisimama, kutapika kitu kama machicha ya kahawa, vivyo hivyo, moja kwa moja hospitali.

Na jamani, zipo dawa za maumivu za kuchanganya ambazo ndani yake kuna aspirini ya dozi kubwa. Geuza pakiti usome. Mtu anameza ya 75 asubuhi, kichwa kikimuuma mchana anaongeza hiyo, halafu anasema "mimi natumia kidogo".

---

Mswahili wa Texas

Nawasalimu kutoka huku. Naomba mwenye mzazi Bongo asome hapa.

Sisi wa ughaibuni ndio tunaochochea. Kila anayerudi likizo lazima sanduku liwe na chupa ya vidonge mia tatu vya aspirini ya 81 kwa ajili ya wazee, maana huku ni rahisi na iko kila duka. Tunaipeleka kama vile tunapeleka sabuni. (Hiyo 81 ilikuwa ikinishangaza. Ni robo ya kidonge cha zamani cha 325, kilichokuwa kikipimwa kwa vipimo vya wafamasia wa kale. Hakuna uganga ndani yake, ya 75 ya huko inafanya kazi hiyo hiyo.)

Huku kwenyewe wameshabadilisha msimamo. Mwaka 2019 vyama vya wataalamu wa moyo wa Marekani vilisema mwenye zaidi ya miaka 70 asipewe kama kawaida kwa kinga ya kwanza (yaani kwa asiyewahi kuumwa moyo wala kiharusi), na mwenye hatari ya kuvuja damu asipewe, umri wowote. Aprili 2022 jopo la kitaifa la kinga likasema wazi: miaka 60 na kuendelea, usianze. Kati ya 40 na 59 mwenye hatari ya asilimia 10 au zaidi ya kupata moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi, akae na daktari wake waamue wawili, na hata hapo wakasema faida ni ndogo. Ile hoja ya kuzuia saratani ya utumbo mpana waliyokuwa wameiweka mwaka 2016 nayo wameiondoa, ushahidi hautoshi.

Neno ni "usianze". Aliyekwisha anza hapaswi kukurupuka kuacha usiku wa leo, azungumze na anayemtibu. Mama yangu nilimpeleka kwa daktari wake kwa simu, wakaongea, wakakubaliana. Sasa namletea kipima presha badala ya chupa.

---

Mbishi Mtulivu

Hayo yote ni ya Wazungu. Damu yetu Waafrika na lishe yetu ni tofauti. Nani kafanya utafiti kwa mla ugali na mlenda?

---

Kahawa Chungu (mleta mada)

Swali zuri. Lakini "sisi ni tofauti" haimaanishi moja kwa moja kwamba ni tofauti kwa upande wa faida. Inaweza kuwa tofauti kwa upande wa hasara.

Na uwe mwangalifu na kukatakata watu mafungu mpaka upate fungu unalolitaka. Jaribio la ISIS-2 la mwaka 1988, watu 17,187 waliofikishwa hospitali wakishukiwa shambulio la moyo, lilionyesha aspirini inapunguza vifo kwa asilimia 23 ndani ya wiki tano. Matokeo mazito kabisa. Wahariri wa jarida lililochapisha wakataka wachambuliwe kwa mafungu madogo madogo. Watafiti wakakubali kwa sharti kwamba wataweka na nyota za kuzaliwa. Ikaonekana waliozaliwa nyota ya Mapacha na ya Mizani aspirini haiwafai! Waliiweka makusudi ili watu waone ujinga wake. Ukikata sana, bahati nasibu inageuka sayansi.

Ila daktari aliyemo humu atujibu kuhusu hali ya huku.

---

Daktari Kivuli

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mbishi ana hoja, isipokuwa inamgeukia. Kiharusi ni cha aina mbili: mshipa kuziba, na mshipa kupasuka. Afrika kusini mwa Sahara fungu la kupasuka ni kubwa kuliko Ulaya na Marekani, na sababu kuu ni presha isiyodhibitiwa. Wengi wanayo na hawajui, au wanajua na wanameza dawa siku kichwa kinapouma tu. Mtu wa namna hiyo ukimpa aspirini hujamkinga. Umemwondolea kinachokatisha damu siku mshipa utakapopasuka.

Kwa hiyo mtu akija kwangu akiwa mzima na kuuliza aspirini, cha kwanza nakamata mkono wake nipime presha. Mara nyingi mazungumzo ya aspirini yanaishia hapo, tunaanza mengine. Ikiwa presha ni 170 kwa 100, kazi iliyopo ni kuishusha hiyo. Dawa za presha zinazuia viharusi vya aina zote mbili na hazitoboi tumbo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati mpya za kukadiria hatari, zikiwa na ukurasa wa Afrika Mashariki peke yake. Zipo za kutumia hata bila maabara: umri, jinsia, sigara, presha, na uzito kwa urefu. Muulize mhudumu wako akuonyeshe uko kwenye rangi gani ya hatari kwenye chati hizo. Vikokotoo vya mtandaoni vya Marekani vilitengenezwa kwa watu wa huko, usivichukulie kama neno la mwisho.

Wenye kisukari mtaniuliza. Jibu langu ni kwamba inategemea mtu. Mvutaji sigara wa miaka 55 mwenye sukari na kolesteroli juu, ambaye tumbo lake halina historia na presha yake imetulia, naweza kukaa naye tukapima. Mwenye sukari wa miaka 74 mwenye vidonda, simpi.

Mambo mawili yasichanganywe na mada hii. Mjamzito aliye kwenye hatari ya kifafa cha mimba anaweza kupewa 75 kila siku kuanzia kabla ya wiki ya 20, hiyo ni tiba ya kliniki na inapangwa kliniki, asiambiwe na jirani aache. La pili, mtu akibanwa kifua ghafla, maumivu yakashuka mkono au taya, jasho likamtoka: huyo atafune aspirini ya 300 wakati mnamkimbiza hospitali, kama hana mzio nayo wala havuji damu. Atafune, asimeze nzima. Lakini akipinda mdomo au upande mmoja ukakosa nguvu, usimpe kitu. Bila kipimo cha CT (picha ya ubongo) hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka.

---

Binti Likoni

Madaktari na walimu nimewasoma. Niongezee la huku Mombasa, na Dar pia linawahusu.

Dengi. Huku tumeipata sana, na nyinyi Dar mwaka 2014 na 2019 mliiona. Homa ya dengi inashusha zile chembe sahani mwalimu alizozitaja. Mtu ambaye kila siku anameza aspirini akiumwa na mbu wa dengi, chembe zake ni chache na hizo chache nazo zimefungwa kazi. Mimi ni muuguzi, nimeona fizi zinavuja na mgonjwa anashangaa maana "hajatumia dawa yoyote". Kidonge cha asubuhi watu hawakihesabu kuwa dawa, wanakiona kama chai. Msimu wa homa, maumivu tulizeni kwa parasetamoli mpaka mpimwe, na mkifika hospitali semeni mnameza aspirini kabla hamjaulizwa.

Na watoto msiwape kabisa aspirini wakiwa na homa ya mafua au tetekuwanga. Kuna ugonjwa wa Reye, unashika ini na ubongo. Ni nadra, lakini unaua.

---

Mbishi Mtulivu

Haya, nimewasikia. Mimi basi naacha aspirini, nabaki na kitunguu saumu na tangawizi asubuhi. Hiyo nayo mtasema ina hasara?

---

Famasi ya Kona

Kwenye mchuzi, kula utakavyo mkuu. Vile vidonge vya kitunguu saumu vilivyokolezwa, pamoja na aspirini au warfarini (dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda), hapo nitakuuliza maswali. Na baba mdogo mlete, aje na dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile za kienyeji. Asimwage kitu kabla hatujaona.

---

Mgeni Njiani

Samahani wakubwa, naingilia. Mimi nina miaka 49, sina ugonjwa, nameza ya 75 kwa kufuata rafiki. Kesho asubuhi nang'olewa gego. Nikiacha ya leo usiku itatosha?

---

Daktari Kivuli

Haitatosha kitu. Rudi juu usome kwa mwalimu: chembe zilizokwisha kufungwa zinakaa siku saba hadi kumi, kidonge cha leo usiku hakibadilishi jino la kesho. Na kwa jino moja kwa kawaida hatuahirishi wala hatuachishi, damu inatoka kidogo zaidi na inakata ukiuma pamba kwa nguvu bila kuchungulia kila dakika. Ila mwambie daktari wa meno kabla hajashika koleo, na mtaje na dawa nyingine zote. Ganzi ikiisha maumivu tuliza kwa parasetamoli, usiguse diklofenaki. Ukishapona jino ndipo uende ukapimwe presha na muulizane na anayekutibu kama kuna sababu yoyote ya kuendelea na hicho kidonge.